Kifafa nyumbani: namna ya kukitambua, kukitibu na kuishi nacho Goma

Mtu akishikwa na kifafa katikati ya soko la Virunga, watu hufanya mambo mawili. Kwanza wanarudi nyuma kwa kuogopa povu. Halafu mwenye huruma kidogo anatafuta kijiko cha kumtia katika meno. Yote mawili ni mabaya, na la kwanza limezidi, kwa sababu mgonjwa anaachwa palepale alipoangukia, hata kama ni juu ya mbabula, jiko letu la makaa ya moto. Makovu ya kuungua ambayo wagonjwa wengi wanayo usoni na mikononi yametoka hapo.

Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa ushuzi, wala kwa kula sahani moja na mgonjwa. Chembe za ubongo zinawasiliana kwa umeme mdogo sana. Kundi la chembe likianza kurusha umeme wote kwa wakati mmoja, mwili hufuata: mikono inakakamaa, macho yanageuka, fahamu inapotea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wana ugonjwa huu, karibu asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangepimwa vizuri na kutibiwa. Kushikwa kwenyewe mara nyingi kunakwisha kwa dakika moja hadi tatu. Kinachoua na kulemaza ni moto, maji, na kidonge ambacho hakikunywewa.

Hatua ya kwanza: anapoanguka mbele yako

Tazama saa. Ukiwa na hofu, dakika moja utaiona kama robo saa, na baadaye muuguzi atataka kujua muda wa kweli.

Sogeza vilivyo hatari: mbabula, sufuria, kisu, chupa. Chini kwetu ni mawe ya volkano na yanakata, kwa hiyo weka kitenge kilichokunjwa au koti chini ya kichwa. Legeza kola na chochote kinachobana shingo. Usimkandamize mikono wala miguu ili kuizuia kutikisika; huwezi kuisimamisha, na unaweza kulitegua bega lake.

Mdomoni usitie kitu. Si kijiko, si kidole, si fimbo, si maji, si kidonge. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Anaweza kuung'ata, na ulimi unapona upesi. Jino lililovunjwa na kijiko likashuka mapafuni ni balaa jingine kabisa.

Mwili ukilegea, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini ili mate yatoke. Kaa naye. Ataamka akiwa amechanganyikiwa, pengine asikujue, pengine akusukume. Zungumza naye polepole, taja jina lake, mwambie yuko wapi. Kama amejikojolea, mfunike kabla watu hawajatoa simu zao. Naliweka jambo hili katika huduma ya kwanza kwa makusudi: wagonjwa wengi wanasema aibu ya baadaye inauma kuliko kuanguka.

Mpeleke hospitali bila kungoja ikiwa amepita dakika tano bado anatikisika, au ameshikwa mara ya pili kabla hajaamka kutoka ya kwanza. Vilevile ikiwa ni mara yake ya kwanza maishani, ikiwa ni mjamzito, ikiwa ameanguka majini au amepiga kichwa, ikiwa ana homa na shingo ngumu, au akiamka na upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Tafuta gari. Najua pikipiki ndiyo ya karibu, lakini mtu anayetikisika akibanwa katikati ya wawili, kichwa kimening'inia, njia ya hewa inaziba. Kama hakuna gari kabisa, ngoja kwanza atulie; lakini aliyepita dakika tano bado anatikisika asingojewe.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa tu. Wengi wao hawana kifafa na hawatakuwa nacho. Lakini homa yenyewe lazima ichunguzwe siku hiyohiyo, maana malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huanza hivyohivyo.

Hatua ya pili: hakikisha kama kweli ni kifafa

Si kila anayeanguka ana kifafa. Kuna kuzirai kwa njaa au jua, kuna sukari kushuka, kuna mlevi aliyeacha kanyanga ghafla, kuna malaria. Kwa kawaida daktari hukiita kifafa pale mtu anaposhikwa angalau mara mbili, zaidi ya saa 24 zikiwa zimepita katikati, bila sababu ya karibu kama homa au kuumia.

Mgonjwa hawezi kusimulia kilichompata kwa sababu hakuwa na fahamu. Kwa hiyo anayekwenda naye kwa daktari awe yule aliyeona. Ukituma shangazi ambaye hakuwepo, umepoteza safari. Swali la maana kuliko yote ni mwanzo: alianza kwa mkono gani, kichwa kiligeukia wapi, alipiga kelele, alikuwa macho au amelala? Video fupi ya simu husaidia sana. Mmoja apige video wakati wengine wanamhudumia, aionyeshe kwa daktari, kisha aifute. Haina kazi katika kundi la WhatsApp la familia.

Kipo pia kifafa kisichoangusha, na hiki ndicho kinachopita bila kuonekana. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, anakodoa macho kwa sekunde kumi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anamwita mvivu au mwenye ndoto za mchana. Mwingine anatafuna bila chakula, anavutavuta vifungo vya shati, anaitwa na haitiki. Mwingine mkono mmoja tu unarukaruka. Wote hao wanastahili kupimwa.

Kuna kushikwa kwingine, hasa kwa watu waliopita katika mambo mazito, na Goma hatukosi watu hao. Mtu anaanguka na kutikisika kwa muda mrefu, macho ameyafumba kwa nguvu, kichwa kinakwenda huku na huku, nusu saa nzima, na dawa za kifafa hazibadilishi chochote. Umeme wa ubongo wake hauna hitilafu, lakini pia haigizi. Ni mwili unaobeba kilichoshindwa kusemwa. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye, mwenye ujuzi huo, na kumwongezea vidonge ni kumwonea.

Kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kuwekewa nyaya kichwani, kinasaidia kikipatikana. Kikitoka safi hakimaanishi mtu hana kifafa. Kinapima dakika chache tu, na dakika hizo zinaweza kuwa za utulivu. Matibabu yanaweza kuanza kwa maelezo mazuri ya aliyeona.

Kilianzia wapi?

Swali hili familia huliuliza kwanza, na mara nyingi kwa kutafuta mchawi. Majibu ya kawaida ni ya ardhini: mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, malaria kali ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, ajali ya pikipiki bila kofia. Kwa mzee anayeanza kushikwa baada ya miaka 60, angalia kiharusi na shinikizo la damu. Kwa wengine chanzo hakijulikani, na matibabu ni yaleyale.

Chanzo kimoja nakisimamia kidogo kwa sababu karibu kila mtu anakielewa vibaya: minyoo tegu ya nguruwe. Watu wanadhani ukila nyama ya nguruwe isiyoiva unapata kifafa. Njia yenyewe ina hatua mbili. Aliyekula nyama yenye malengelenge anapata mnyoo tumboni. Mnyoo huo unataga mayai, mayai yanatoka na choo cha mtu huyo, na mtu yeyote akiyameza, kwa mikono isiyonawa, kwa mboga zilizomwagiliwa maji machafu, kwa chakula kilichoandaliwa na mwenye mnyoo, viluwiluwi vinasafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kutengeneza uvimbe mdogo mdogo. Ndiyo maana Mwislamu ambaye hajagusa nguruwe maishani mwake anaweza kupata kifafa hiki kutoka kwa mboga za jirani. Kinga ni choo kinachofungika, nguruwe waliofungiwa mbali na choo hicho, nyama iliyoiva hadi ndani, na sabuni. Ukishukiwa kuwa na uvimbe huo kichwani, usijinunulie dawa ya minyoo: kuua viluwiluwi ndani ya ubongo bila usimamizi kunaweza kuvimbisha ubongo na kuleta shambulio kali.

Ndugu waliotoka Ituri au maeneo ya mito yenye maji ya kasi wataje hilo kwa daktari. Huko, usubi unaoleta upofu wa mtoni unahusiana na kifafa kingi cha watoto, na dawa ya Mectizan inayogawiwa vijijini inasaidia kukizuia.

Hatua ya tatu: kupata dawa

Anza kwenye kituo cha afya cha mtaa wako, uombe barua ya kutumwa mbele. Goma tuna kituo cha Tulizo Letu, cha Mafrere de la Charité, ambacho kazi yake ni magonjwa ya akili na ya kifafa. Wapo wanaoogopa kuonekana wakiingia pale, wasije wakaitwa wendawazimu. Kifafa si wazimu. Lakini wanaokijua vizuri wako mle ndani, na mimi ningepita kwenye lango hilo mchana kweupe.

Dawa ya zamani na ya bei nafuu ni fenobabitali. Inatumika tangu 1912, na bado ni nzuri kwa kifafa cha kuangusha. Hunywewa mara moja kwa siku, usiku. Wiki za kwanza inaleta usingizi. Watoto wengine, kinyume chake, wanakuwa watundu kupita kiasi, na hilo liambiwe daktari. Kabamazepini ni nzuri kwa kifafa kinachoanzia upande mmoja. Ukitokwa na vipele mwilini katika wiki za mwanzo, rudi siku hiyohiyo. Valproati ina nguvu kwa aina nyingi, lakini ina neno lake kwa wanawake, nitalifikia.

Dawa huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Kwa hiyo kushikwa katika wiki ya pili hakuna maana kwamba dawa imeshindwa. Familia nyingi huachia hapo, zinakwenda kwa mganga, na miezi sita baadaye zinarudi mwanzo.

Kwenye farmasi, angalia jina la dawa na miligramu kila unaponunua. Vidonge vinauzwa kimoja kimoja katika karatasi, na kidonge cha miligramu 50 na cha miligramu 100 vinaweza kufanana. Weka kopo au pakiti ya zamani, ulinganishe.

Hatua ya nne: kutokukosa hata siku moja

Kuacha dawa ghafla, hasa fenobabitali, ni hatari kuliko kutoianza. Ubongo uliozoea breki unaondolewa breki kwa mara moja, na mtu anaweza kushikwa mfululizo bila kuamka. Hiyo ndiyo hali inayoua.

Chukua kaye, yaani daftari, ya shule. Kila usiku, aliyekunywa anaweka alama; aliyeshikwa anaandika tarehe, saa, muda, na kilichotangulia. Baada ya miezi mitatu, kaye hiyo itamwambia daktari zaidi ya maelezo yote. Mara nyingi inaonyesha kwamba kila shambulio limefuata usiku wa bila kulala, au siku mbili za kukosa dawa, au msiba ambako watu walikunywa kasiksi hadi asubuhi. Ukisahau kidonge, kinywe unapokumbuka. Ikiwa saa ya kingine imefika, endelea na kimoja tu; usinywe viwili.

Sasa jambo ambalo vitabu vya kutoka Ulaya havina. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Mara zote mbili watu walitoka na watoto, godoro na sufuria, na dawa ikabaki kwenye dirisha. Mwenye kifafa wa Goma aweke akiba ya wiki mbili, isiyoguswa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari yenye jina la dawa na kipimo. Mfuko huo ukae kwenye begi lenye kadi za uchaguzi na vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu hilo ndilo begi ambalo hakuna anayelisahau. Kila mwezi, vidonge vya akiba vinywewe na vipya viingie mahali pao, visije vikaharibika. Fenobabitali ni dawa inayodhibitiwa, huwezi kuiomba popote bila karatasi. Aliyevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, bila karatasi atahangaika.

Barabara zikifungwa na akiba ikielekea kwisha, usingoje kidonge cha mwisho. Nenda ukingali na siku saba, uulize muuguzi. Dawa ikikosekana, kuna namna ya kuhamia nyingine polepole, lakini inahitaji siku hizo.

Hatua ya tano: panga nyumba upya

Mbabula ya chini ndiyo adui wa kwanza. Ipandishe juu ya mawe au meza ya chuma, na mwenye kifafa asipike akiwa peke yake. Maji ya bukari yanapochemka, yeye akoroge baadaye, au asukume kazi hiyo kwa mwingine na achambue sombe. Taa ya mafuta isikae karibu na kitanda, hasa kwenye nyumba za mbao.

Kuteka maji ziwani, Kituku au kwingine, asiende peke yake na asiingie zaidi ya magoti. Kuoga ni kwa ndoo, mlango umerudishwa bila kufungwa kwa komeo. Kitanda kiwe cha chini, mbali na ukuta wa mawe, na asilale kifudifudi. Mtu alale naye chumba kimoja ikiwezekana, kwa sababu mashambulio mabaya zaidi ni ya usiku.

Kazi zipo nyingi: kushona, kuuza maharagwe, kutuma pesa kwa simu, kufundisha. Za kuacha ni kuendesha pikipiki, kupanda juu ya paa, na kushuka mlima na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa magunia. Kijana aliyezoea kuishi kwa moto-taksi atalia, na ana haki ya kulia, kwa hiyo familia imsaidie kwa mtaji mwingine kabla ya kumnyang'anya ufunguo.

Mtoto aende shule. Mzazi amwone mwalimu kabla ya jambo kutokea, amwonyeshe hatua ya kwanza ya mwongozo huu, na amwombe asimrudishe nyumbani kila anaposhikwa. Baada ya nusu saa ya kupumzika wengi wanaweza kuendelea na somo.

Mchungaji na mganga

Maombi hayagombani na kidonge. Tatizo ni mkesha. Kukosa usingizi ni moja ya vichocheo vikubwa vya kifafa, na kufunga kula siku tatu kunaongeza mzigo. Kwa hiyo mtu anapelekwa kwenye chumba cha maombi ili apone, anakeshwa, anaambiwa aache dawa kama ishara ya imani, anashikwa mara nne usiku mmoja, na watu wanasema pepo limekasirika. Mwendee mchungaji kwa heshima: "Baba, utuombee mchana, na umwambie mbele ya watu aendelee na dawa." Wengi wanakubali, na neno lao lina uzito kuliko la daktari. Akikataa, tafuta mwingine wa kumwombea. Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani waongee na daktari mapema. Dawa ya mara moja usiku mara nyingi inaruhusu, lakini daku isikatishe usingizi wote.

Kwa mganga, nakataza mambo matatu bila mjadala: kuchoma ngozi, kuchanja, na kunywesha dawa mtu asiye na fahamu.

Ndoa, uzazi, na mwisho wa dawa

Mwanamke mwenye kifafa anaolewa, anabeba mimba na ananyonyesha. Valproati isipewe msichana wala mwanamke anayeweza kubeba mimba ikiwa kuna nyingine inayomfaa, kwa sababu inaweza kumharibu mtoto tumboni, mgongo na akili. Anayeitumia sasa asiiache leo. Amwone daktari abadilishiwe kwa utaratibu. Aanze asidi foliki kabla ya mimba, siyo baada ya kuigundua. Na jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi: fenobabitali na kabamazepini zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti cha mkononi. Kitanzi na sindano ya miezi mitatu havina shida hiyo. Vilevile anayekunywa dawa za Ukimwi ataje zote mbili kwa daktari, maana zinaingiliana.

Akiwa hajashikwa kabisa kwa miaka miwili au zaidi, daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa, kidogo kidogo kwa miezi, akitazama chanzo na kaye. Wengine wataacha salama, wengine watarudi kushikwa na kuendelea na kipimo cha zamani. Miezi hiyo ya kupunguza, mbabula ibaki juu ya mawe na ziwani asiende peke yake, hata kama anajiona amepona.